Namba ya miwani ya mtoto inapanda kila mwaka: kinachotokea ndani ya jicho na la kufanya

SWALI: Binti yangu ana miaka 9, yuko darasa la nne. Mwaka jana alipimwa kwenye duka la miwani akapewa −1.50 macho yote mawili. Mwezi huu tumerudi, sasa ni −2.50. Muuzaji ananishauri nimchukulie −2.00 ili macho "yasizoee miwani". Bibi yake anataka aiache kabisa, ale karoti. Baba yake ana miaka 43, anavaa −5.50, naye siku hizi anavua miwani ili asome simu. Tuna mtoto mwingine wa miaka 5 ambaye anaona vizuri. Je, miwani ndiyo inayomharibu binti macho? Namba itaishia wapi? Na leza inaweza kumaliza tatizo hili? — Mama mzazi, Morogoro

JIBU: Mama, tuanze na la haraka. Usichukue ile −2.00. Binti anatakiwa kuvaa namba yake kamili. Ila kabla hujalipia lenzi, hakikisha hiyo −2.50 ni ya kweli, maana mtoto wa miaka 9 akipimwa kwa mashine peke yake, bila matone ya kulegeza misuli ya jicho, ni rahisi apewe namba kubwa kuliko yake.

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa kama milimita 17 ukipima kutoka mbele hadi nyuma. Linakua naye, na kwa mtu mzima anayeona sawasawa linafika milimita 23 hadi 24. Kwa mtoto asiyeona mbali (hospitali wataandika mayopia), jicho limerefuka kuliko uwezo wa konea (kioo cha mbele ya jicho) na lenzi yake. Mwanga unaotoka mbali unakutana kabla haujafika kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), na unapofika huko umeshaanza kutawanyika. Ndiyo maana ubao una ukungu lakini daftari liko safi. Milimita moja ya urefu uliozidi ni sawa na diopta (kipimo cha nguvu ya lenzi, ndiyo hiyo namba ya miwani) mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo kutoka −1.50 hadi −2.50 ni jicho kurefuka kwa theluthi ya milimita hivi kupita lilivyopaswa, na urefu huo ukishapatikana haurudi. Hakuna miwani, matone, zoezi wala chakula kinacholifupisha jicho. Kinachowezekana ni kulipunguzia kasi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Miwani hutawanya mwanga kidogo kabla haujaingia ndani, ili ukutane mbali zaidi, pale retina ilipo. Ukuaji wa jicho wenyewe haiusukumi. Inaonekana kama ndiyo chanzo kwa sababu mtoto huanza kuivaa katika umri uleule ambao jicho linarefuka kwa kasi. Asingevaa, namba ingepanda vilevile, na pengine zaidi. Huko Malaysia watafiti waliwapa kundi moja la watoto miwani iliyopungua kwa takriban diopta 0.75 na kundi jingine namba kamili. Matokeo yalitoka mwaka 2002: waliopunguziwa ndio ambao namba yao ilipanda haraka zaidi. Ushauri wa "mpe pungufu asizoee" ulikuwa wa kawaida zamani, hata kwa wataalamu, na bado unazunguka madukani. Uache.

Na hilo neno "kuzoea": binti akivua miwani analalamika kuliko alivyolalamika mwaka jana kwa sababu sasa anajua kuona vizuri kukoje. Zamani alidhani majani ya mti ni donge moja la kijani kwa kila mtu.

Kwa bibi, mweleze kwa heshima kwamba karoti ni nzuri, na mchicha, matembele, maembe na viazi lishe vya rangi ya chungwa pia. Vitamini A iliyomo humo humkinga mtoto na upofu wa usiku na kukauka kwa konea. Ni kazi kubwa, lakini haihusiani na urefu wa jicho. Mtoto anayekula vizuri kila siku hupata mayopia kama mwenzake.

Sasa namba yenyewe. Ukitaka kujua −2.50 ni kitu gani, gawa 100 kwa namba hiyo: 100 ÷ 2.5 = 40. Maana yake bila miwani anaona safi hadi sentimita 40 tu. Kuanzia hapo ukungu unaanza. Kwa −1.50 ya mwaka jana alikuwa na sentimita 67. Baba mwenye −5.50 ana sentimita 18, na ndiyo maana akivua miwani anaishika simu karibu na pua. Mnaweza kujaribu nyumbani. Mwanga uwe wa kutosha, mtoto avue miwani, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, umshikie gazeti karibu, kisha ulirudishe nyuma polepole hadi aseme herufi zimeanza kufifia. Pima kwa utepe wa fundi cherehani kutoka kwenye jicho hadi kwenye gazeti. Ukipata 38 au 42 mko sawa. Ukipata sentimita 60, namba ya dukani ina walakini. Kipimo hiki si cha kununulia miwani, kwani kinaweza kukosea kwa nusu diopta au zaidi, lakini kinakupa sababu ya kuuliza.

Kwa nini namba ya mtoto hudanganya? Lenzi iliyo ndani ya jicho lake ni laini na misuli yake ina nguvu. Akiweka kidevu kwenye mashine na kuitazama ile picha ndani, misuli hukaza kana kwamba anatazama kitu cha karibu, na mashine inaisoma hali hiyo kama mayopia. Tofauti ya diopta moja si ajabu, na wapo watoto wasio na mayopia kabisa wanaotoka na −1.00 mkononi. Dawa ya hilo ni matone ya kulegeza misuli. Yanayotumika sana ni saiklopentoleti ya asilimia 1: tone moja kila jicho, baada ya dakika 5 hadi 10 linarudiwa, kisha mnangoja nusu saa hadi dakika 45 ndipo anapimwa. Macho yenye rangi nyeusi kama yetu huchelewa kulegea, hivyo mpimaji anayemwita mtoto baada ya dakika kumi hajafanya kipimo hicho. Yanachoma kidogo. Baadaye mboni hupanuka, jua linamsumbua na maandishi ya karibu yanafifia hadi kesho yake, kwa hiyo mpeleke siku ya Ijumaa mchana, na kofia. Maduka mengi ya miwani hayaweki matone haya. Ulizia kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa. Ikishindikana, Dar es Salaam kuna kliniki za macho za watoto Muhimbili na CCBRT.

Kuna kipimo kidogo ambacho hata dukani wanacho: kibao chenye herufi nyeusi, nusu juu ya rangi nyekundu na nusu juu ya kijani. Akiwa na lenzi za majaribio usoni, jicho moja moja, aulizwe ni upande gani herufi zimekolea. Zikikolea kwenye kijani, amezidishiwa. Zikikolea kwenye nyekundu, amepungukiwa. Lengo ni zilingane, au nyekundu izidi kidogo tu.

Karatasi ya vipimo uisome mwenyewe. R au OD ni jicho la kulia, L au OS la kushoto. SPH ndiyo hiyo −2.50. CYL na AXIS ni marekebisho ya konea isiyo ya mviringo kamili, ikiandikwa −0.50 × 180 wala usishtuke. Lakini CYL ikiwa inaongezeka kila unaporudi, mfano −1.00, kisha −2.25, kisha −3.50, na mtoto ana mzio wa macho na anayafikicha mchana kutwa, hiyo inaweza kuwa konea inayochongoka, ambayo ni ugonjwa tofauti. Hapo acha duka, nenda kwa daktari wa macho apimwe umbo la konea, maana ukiwahiwa unaweza kusimamishwa. PD ni umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Kwa mtoto wa miaka 9 huwa karibu na 54 hadi 58. Isipoandikwa, idai. Fundi asiye na PD hukisia, na katikati ya lenzi isipokuwa mbele ya mboni, lenzi huvuta picha pembeni na macho hushindana nayo siku nzima. Kwa −2.50 ya binti, makosa ya milimita mbili tatu huvumilika. Kwa −5.50 ya baba, makosa hayohayo huleta kichwa kuuma, na watu huishia kusema "miwani hii ni kali".

Siku ya kuchukua miwani, ikague hapohapo kabla hujatoka. Ishike mbele yako kama sentimita 30 kutoka usoni, tazama ukingo wa mlango kupitia lenzi moja, kisha isogeze polepole kushoto na kulia. Kwa lenzi ya asiyeona mbali, picha ya ukingo hufuata upande unaosogeza. Ikienda kinyume, umepewa lenzi ya kusomea ya mtu mwingine, na hilo hutokea. Sasa tafuta sehemu ambapo ukingo unaoonekana ndani ya lenzi unaungana na ule wa nje bila kukatika: hapo ndipo katikati ya lenzi. Weka nukta kwa kalamu ya wino unaofutika, fanya hivyo na upande wa pili, pima nukta hadi nukta kwa rula. Ilingane na PD kwenye karatasi.

Kuhusu fremu, usimnunulie kubwa "ya kukulia". Fremu inayoteleza hadi katikati ya pua humfanya atazame juu ya lenzi, na hapo ni sawa na kutovaa. Jicho liwe karibu na katikati ya tundu, mikono ya fremu ipinde nyuma ya masikio bila kuchimba. Lenzi ziwe za plastiki, na kama uwezo upo ziwe za polikaboneti, ambazo hazivunjiki vipande akigongwa na mpira. Fedha ya ziada kwa lenzi za "kukata mwanga wa bluu" ibaki mfukoni: hazipunguzi mayopia, na mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa 2023 hayakuona faida ya wazi hata kwa uchovu wa macho.

Avae kutwa nzima, darasani na nje. Kuna kikwazo kimoja ambacho wazazi hukidharau, nacho ni wenzake darasani. Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za Dar es Salaam na kutolewa 2008 uliwapa baadhi ya wanafunzi miwani bure kabisa; baada ya miezi mitatu, waliokuwa wakiitumia walikuwa chini ya nusu. Kutaniwa, na hofu kwamba miwani huharibu macho, vilichangia. Kabla ya hapo, kule Mwanza, wanafunzi 2,511 wa sekondari walipimwa: mayopia ilikuwa kwa asilimia 5.6, na kati ya waliohitaji miwani ni kama theluthi tu waliokuwa nayo. Basi zungumza na mwalimu wa darasa. Amweke viti vya mbele kwa muda, na utani aukemee yeye. Na fremu achague binti mwenyewe, hata kama rangi haikupendezi.

Sasa kasi, ambayo kwa maoni yetu ndiyo swali kubwa kuliko yote uliyouliza. Namba ikipanda nusu diopta kwa mwaka katika umri huu, tunaangalia. Ikipanda diopta nzima, kama ya binti yako, na mzazi mmoja ana mayopia, tunachukua hatua. Tukikadiria tu: kasi hupungua kadiri mtoto anavyokua na wengi hutulia kati ya miaka 15 na 20. Binti akipanda 0.75 kwa miaka miwili, kisha 0.50 kwa miwili mingine, kisha robo robo, atafika miaka 15 akiwa na −5.50, palepale alipo baba yake. Kuanzia −6.00 tunaiita mayopia ya juu. Hapo retina imevutwa na kuwa nyembamba, na hatari ya kubanduka kwa retina, presha ya macho, mtoto wa jicho wa mapema na kuharibika kwa kitovu cha retina, sehemu ya kuonea vitu kwa makini, inapanda. Hesabu moja ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kila diopta moja unayoizuia inapunguza hatari ya kuharibika kwa kitovu hicho kwa takriban asilimia 40. Kwa hiyo kumfikisha −3.50 badala ya −5.50 kuna faida kubwa kuliko wepesi wa lenzi.

Cha kwanza hakina gharama: mwanga wa nje. Mchana, nje, hata chini ya kivuli cha mwembe, kuna maelfu ya laksi (kipimo cha mwanga). Darasani au sebuleni ni mia moja hadi mia tano. Mwanga mkali huchochea retina kutoa dopamini, na dopamini inaonekana kulizuia jicho lisirefuke ovyo. Mjini Guangzhou, China, shule kadhaa ziliongezewa kipindi cha dakika 40 cha nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata mayopia walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 kwa shule ambazo hazikuongezewa. Matokeo yalitolewa 2015. Taiwan walianza mwaka 2010 mpango wa shule wa dakika 120 za nje kwa siku. Lengeni saa mbili kwa siku. Si lazima michezo: kwenda shule kwa miguu, kuchota maji, kucheza rede, kukaa kibarazani akisoma, vyote vinahesabika. Kofia haiharibu kitu. Mwambie tu asilitazame jua.

Wengi hapa wataniuliza: jua letu hili, mbona watoto bado wanapata? Ukweli ni kwamba wanapata wachache sana kuliko kule Asia ya Mashariki, ambako katika miji mingi vijana wanaomaliza shule wakiwa na mayopia ni zaidi ya asilimia 80. Lakini ratiba ya mtoto wa mjini imebadilika: basi la shule saa kumi na mbili asubuhi, darasa hadi jioni, tuisheni, kisha simu ya mama. Anaweza kumaliza wiki nzima Morogoro bila kukaa juani saa mbili. Na niseme wazi, mwanga wa nje una nguvu zaidi ya kuchelewesha mayopia isianze kuliko kuipunguza kasi ikishaanza. Kwa binti ni nyongeza. Kwa mdogo wake ndiyo tiba yenyewe.

Kazi za karibu hatuwezi kuzifuta, ila umbali unaweza kurekebishwa. Kitabu kisiwe karibu kuliko urefu wa mkono wake kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vifundo vya ngumi. Simu ndiyo adui hapo, maana skrini ndogo huvutwa hadi sentimita 20. Kama ni katuni, ziende kwenye runinga. Kila dakika 20 ainue kichwa atazame kitu kilicho mita sita au zaidi kwa sekunde 20. Kusoma kwenye mwanga hafifu umeme ukikatika hakuliui jicho kama tunavyoambiwa utotoni. Tatizo ni kwamba gizani mtoto hulala juu ya daftari. Akivua miwani kusoma kitandani usigombane naye, mradi tu kitabu hakishuki chini ya huo umbali.

Kisha kuna tiba zinazolenga kasi yenyewe, na hapa lazima uwe na daktari wa macho wa watoto au mtaalamu wa optometria anayezifahamu.

Matone ya atropini ya kiwango kidogo hutiwa kila usiku kabla ya kulala, tone moja kila jicho. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa 2019 ulilinganisha 0.05, 0.025 na 0.01 kwa mia, 0.05 ndiyo iliyofanya kazi zaidi, ikipunguza kupanda kwa namba kwa karibu theluthi mbili katika mwaka wa kwanza. Ile ya 0.01 ni dhaifu, na utafiti wa Marekani wa 2023 haukuona tofauti kati yake na matone yasiyo na dawa. Tatizo letu ni kwamba famasi nyingi zina atropini ya asilimia 1, ambayo ni kali mara 20 kuliko ile ya 0.05. Usimtie hiyo kila usiku: ataishi na mboni zilizopanuka, mwanga utamuumiza na hataweza kusoma daftari. Na tafadhali, mtu asikushauri uichanganye na maji ya chumvi jikoni. Matone ya macho hutengenezwa mahali pasipo na vijidudu, la sivyo unampa mtoto maambukizi. Chupa ifungiwe mbali na mdogo wake, kwani kuinywa ni sumu. Tiba huchukua miaka miwili au zaidi, na haikatwi ghafla, maana namba inaweza kurudi mbio.

La pili ni lenzi maalumu za miwani. Ukizitazama kwa pembeni dhidi ya dirisha utaona katikati pasafi, duara la kama milimita 9, na kulizunguka kuna mamia ya vilenzi vidogo kama vipele. Katikati panampa uoni safi. Vilenzi vinapeleka sehemu ya mwanga mbele ya retina, na jicho linasoma hiyo kama ishara ya kuacha kurefuka. Utafiti wa miaka miwili huko Hong Kong, uliotolewa 2020, ulionyesha namba kupanda kwa nusu tu ya ile ya wenzao waliovaa lenzi za kawaida. Aina nyingine inayofanana nayo ilileta matokeo mazuri kwa waliovaa angalau saa 12 kwa siku. Ni ghali na mara nyingi huagizwa nje, na PD ikikosewa au fremu ikiteleza umetupa fedha. Ukipata ndugu Nairobi au Dubai wa kukuletea, vipimo vya matone viwe vya karibuni na ufungaji ufanywe na fundi anayejua kuweka katikati.

Lenzi za kuvaa juu ya jicho zipo pia, za mchana za kutupa kila siku, na ngumu za kulala nazo zinazobonyeza konea usiku. Hizo za usiku zinafanya kazi, ila zikioshwa kwa maji ya bomba zinaweza kuleta kidonda cha konea kitakachomwachia kovu. Kwa mtoto wa miaka 9 asiye na kliniki ya kukimbilia siku hiyohiyo, mimi singeanza nazo.

Kwa hiyo mpangilio wenu: kipimo cha matone ndani ya mwezi huu, miwani kamili, saa mbili za nje, na kurudi kila baada ya miezi sita kwa mpimaji yuleyule. Mwombe apime na urefu wa jicho kama ana mashine yake. Huo haudanganyiki na misuli. Zungumza naye kuhusu atropini ya kiwango kidogo au lenzi maalumu sasa, usingoje −4.00.

Tuje kwa baba. Kuvua miwani ili asome si dalili kwamba macho yanapona. Kuanzia miaka 40 lenzi ya ndani hukakamaa, na miwani yake ya mbali inamlazimu kukaza kwa nguvu ambayo hana tena. Ana njia tatu: kuendelea kuvua; kuwa na miwani ya pili ya kompyuta yenye karibu −4.50; au lenzi zenye kanda mbili au zinazobadilika taratibu kutoka juu kwenda chini, ambazo huchukua wiki moja au mbili kuzizoea na ngazi humchanganya mwanzoni. Apime na sukari. Mtu mzima ambaye namba yake inaruka ndani ya wiki chache, leo −5.50 na kesho −6.50, mara nyingi ni sukari iliyopanda na kuvimbisha lenzi. Miwani isitengenezwe hadi sukari itulie kwa wiki kadhaa.

Leza hukata konea iwe bapa zaidi. Inaondoa miwani ya mbali, haifupishi jicho. Retina nyembamba inabaki nyembamba, na hatari zake zinabaki. Binti hawezi kufanyiwa: inasubiriwa miaka 18 au zaidi na namba iliyotulia angalau mwaka mzima. Baba anaweza, kama konea yake ni nene ya kutosha. Konea ya kawaida ina unene wa kama mikroni 540 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kila diopta hula mikroni 12 hadi 16, kwa hiyo −5.50 itakula 65 hadi 90. Tena iwe na umbo zuri. Lakini baada ya leza atahitaji miwani ya kusomea mara moja, kwa sababu ile faida ya kuvua na kusoma itakuwa imeondoka. Wanaume wengi wa umri wake hawaambiwi hilo hadi wameshalipa.

Kuliko leza, baba anahitaji kupanuliwa mboni na kuangaliwa retina yote hadi pembeni, kila mwaka au kama daktari atakavyopanga. Na ajue dalili hizi: vimulimuli vya mwanga gizani, vidoa vyeusi vingi vilivyotokea ghafla kama masizi, au pazia linaloshuka upande mmoja wa jicho. Hapo haendi dukani wala hangoji Jumatatu. Ni siku hiyohiyo, hospitali yenye daktari wa macho, maana retina iliyobanduka ikirudishwa kabla kitovu chake hakijaguswa, uoni unaweza kuokolewa.

Na mdogo wa miaka 5: akitimiza 6, mpeleke apimwe kwa matone hata kama anasoma kila kitu. Mtoto wa umri huo anatakiwa kuwa na akiba kidogo upande wa kujumlisha, yaani namba yenye alama ya +. Akikutwa chini ya +0.75, jicho lake limeshaanza kukimbia mbele ya umri, na kwa kuwa baba ana −5.50 na dada yake tayari anavaa, yeye ndiye wa kutolewa nje zaidi, huku mkimrudisha kupimwa kila mwaka.